Kinyaa cha Bi Dorika

I

Chupa namba sita ilikuwa na samaki aliyeoza siku tano, na Daktari Eliwaza Chedego aliifunga upesi kwa sababu mama yake alikuwa anacheka.

"Hii nayo?" Bi Dorika aliuliza. "Hii ni sokoni saa kumi jioni. Lete nyingine."

"Mama, usicheke. Ukicheka tumbo linatikisika, kipimo kinaharibika."

"Kipimo gani? Hujanifunga hata uzi."

Ilikuwa kweli. Mashine ya kupima kinyaa ilikuwa imewashwa tangu saa mbili asubuhi, nyaya zake kumi na mbili zikiwa bado kwenye trei, na Bi Dorika alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na gauni lake lote, kanga juu yake, mkoba mapajani. Ili apimwe ilibidi avue mpaka kiunoni, alale chali, apakwe mafuta mazito ya baridi kuanzia chini ya matiti mpaka chini ya kitovu, abandikwe nyaya, kisha mrija mwembamba upitishwe puani hadi kooni. Kazi ya saa nzima. Muuguzi Sipora, ambaye ndiye huwafanyia hivyo kina mama, alikuwa likizo ya uzazi. Waliobaki kambini wenye ujuzi huo walikuwa wanaume wawili na Eliwaza mwenyewe.

"Sivui," Bi Dorika alisema. "Hao vijana wako tusiwataje kabisa. Na wewe nimekuzaa. Mtoto hamvui mama yake nguo mpaka siku ya kumwosha maiti. Mimi nimekufa?"

"Hujafa, mama."

"Basi nipime mkononi, kama wanavyopima presha."

Eliwaza alikuwa na miaka arobaini na minne, na alikwisha kubandika nyaya kwenye matumbo zaidi ya mia tatu bila kupepesa jicho. Aliutazama ule mkono ulionyooshwa, akakitazama kifungo cha kwanza cha gauni, na kidole chake kikakataa kwenda huko. Akachukua mkanda wa presha, akaufunga mkononi mwa mama yake. Hakuuunganisha na kitu chochote.

"Kumbe inawezekana," Bi Dorika alisema, ameridhika. "Mnapenda tu kusumbua watu."

Zilifuata picha sitini. Funza kwenye kidonda, tumbo lililopasuka, mguu uliooza, maini, mizoga. Watu wazima walikuwa wakigeuza uso kufikia picha ya tano. Bi Dorika alivaa miwani. Alikuwa mkaguzi wa nyama katika machinjio ya manispaa kwa miaka thelathini na moja, na hakuna kilicho ndani ya mnyama ambacho hakuwahi kukipasua kwa kisu chake mwenyewe.

"Ini hilo lina minyoo. Tazama kingo zilivyovimba. La kutupa." Picha ikabadilika. "Huyu ng'ombe alikufa mwenyewe, hakuchinjwa. Damu yote imebaki kwenye nyama." Ikabadilika tena. "Maskini, mguu wa mtu. Sukari hiyo."

"Hakuna hata moja inayokuchefua?"

"Cha kuchefua kiko wapi hapo? Ugonjwa ni ugonjwa. Unakata, unatupa, unanawa." Alifikiri kidogo. "Mtu mmoja tu alinichefua kazini. Mhina."

Eliwaza aliijua habari ya Mhina tangu darasa la pili, lakini hakumkatiza.

"Shemeji yake alileta ng'ombe. Mhina akamgongea muhuri bila kumpasua. Wala kumtazama! Alikuwa anakunywa chai, akanyoosha tu mkono, pa! Wino wa zambarau juu ya nyama asiyoijua. Siku mbili sikuweza kula. Na mkono sikumpa tena mpaka alipozikwa. Msibani nilikwenda, ndiyo, ila nilikula kwa jirani."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Kapteni Lameki, mdogo wake Eliwaza, rubani. Alimwamkia mama yake kwa kuinama, akatania kidogo juu ya mkoba, kisha akamvuta dada yake ukumbini.

"Dada, Kanali anataka cheti kabla ya saa sita."

"Hajavua nguo. Sijampima."

"Si nimeona mkanda?"

"Mkanda ni wa kumnyamazisha. Na hata nikimpima, hatafika kumi na tano. Mama hana kinyaa, Lameki. Alikimaliza kazini."

Lameki alifuta uso kwa kiganja. "Nimebakiwa na nani? Mjomba Zakayo alitapika kabla gurudumu halijaacha ardhi. Mke wangu ana mimba. Wewe daktari wa kambi huruhusiwi. Nikikosa shahidi, kesho nahamishiwa stoo ya matairi. Andika ishirini. Ni safari ya doria tu, nani ataumia? Na mwenyewe ameshawaambia kwaya nzima kwamba anapanda ndege ya vita."

Kumi na tano ndiyo ilikuwa namba ya chini. Miaka tisa nyuma Shirikisho liliwatoa marubani ndani ya ndege za kivita na kuwaketisha ardhini, na mashine ikapewa kazi ya kuchagua pa kupiga. Mwaka wa kwanza ilipiga soko, mazishi mawili, na kambi ya wachimba kisima. Bunge likapitisha Sheria ya Kiti cha Nyuma: bomu lisishuke bila binadamu mmoja kuwemo ndani ya ndege, ndugu wa damu au mwenza wa rubani anayeiongoza, ili rubani awe na sababu ya kuirudisha salama, na ili awepo mtu wa kuona. Huyo aliitwa shahidi. Kilichotakiwa kwake ni mwili. Ataonyeshwa lengo kwa dakika nne. Kinyaa chake kikifika arobaini na kukaa hapo sekunde kumi, bomu linajifunga. Kisipofika, linashuka. Na kwa kuwa mtu asiye na kinyaa hana cha kushuhudia, kila shahidi alipimwa kwanza na daktari.

Maneno ya shahidi hayakuhesabiwa. Kifungu cha kumi na nne kilisema hivyo waziwazi, na aliyekiandika ni Eliwaza, wakati huo katibu wa kamati ya wataalamu. Alikuwa na sababu. Alisoma maelezo mia nne na kumi na mawili ya mashahidi wa majaribio, na mia tatu na tisini na saba yalifanana neno kwa neno, kwa kuwa yalitungwa na karani mmoja ofisini. Tumbo, aliandika kwenye ripoti yake, halisomewi hotuba.

Alirudi mezani. Mama yake alikuwa anajaribu kufungua chupa namba saba. Eliwaza alivuta fomu akajaza vipimo vitatu vya kinyaa: ishirini na mbili, ishirini na saba, thelathini na moja. Ulikuwa wastani wa wanawake waliopita miaka sitini. Hakuhitaji kufungua jedwali. Namba hizo alikuwa anazikumbuka. Akachukua muhuri, akagonga, akasaini chini yake.

"Nimefaulu?" Bi Dorika aliuliza.

"Umefaulu, mama."

II

Chumba cha kuongozea kilinuka mayai. Kanali Semgaya, mkuu wa kambi, alikuwa na desturi ya kula mayai mawili ya kuchemsha kila ndege inaporuka, na maganda aliyaweka kwenye kifuniko cha kalamu zake. Saa nne na robo, Jumamosi, alikuwa anamenya la kwanza.

Lameki aliketi mbele ya usukani wake wa ardhini, vipokea sauti masikioni. Meza ya Eliwaza ilikuwa nyuma yake, yenye skrini ya mistari mitatu: hofu, hasira, kinyaa. Mistari hiyo aliitenganisha yeye, baada ya miaka miwili ya utafiti, ili woga wa kupanda ndege usije ukahesabiwa kuwa kukataa. Maiki yake ilikuwa wazi. Kifungu cha kumi na tano kilikataza mtu yeyote kuifunga wakati shahidi yuko angani.

"Eliwaza!" Sauti ya Bi Dorika ilijaa chumbani. "Mawingu yako chini! Nayaona migongo!"

Mafundi wawili walicheka. Hata Kanali alitabasamu na yai mdomoni.

"Mama, shika vishikio," Lameki alisema. "Nageuka kushoto."

"Geuka polepole. Wewe ulishindwa baiskeli. Uliiangusha kwenye shimo la choo cha mwalimu, nikapata aibu."

"Mama, watu wanasikia."

"Wasikie. Mwalimu mwenyewe anaitwa nani vile..."

Kinyaa kilisoma nne. Mkanda wa ndani ya ndege ulivaliwa juu ya fulana, alijivalisha mwenyewe, na mistari yote mitatu ilitulia. Eliwaza aliiangalia akahisi jambo lililo karibu na furaha. Mama yake alikuwa na miaka sitini na nane na alikuwa anaruka kwa kasi kuliko sauti yake mwenyewe. Doria ingekwisha saa tano. Jumapili angekuwa na la kusimulia kanisani mpaka Krismasi.

Saa nne na dakika thelathini na nane mashine ilizungumza, kwa ile sauti yake ya mtangazaji wa stesheni.

"Lengo limetambuliwa. Bonde la tatu, ng'ambo ya mpaka. Watu mia moja na arobaini. Maroketi sita kwenye vyuma. Uhakika asilimia tisini na tatu. Ukaguzi wa shahidi unaanza. Dakika nne."

Kanali aliacha kutafuna.

"Ilikuwa doria," Eliwaza alisema.

"Ilikuwa," Kanali alijibu.

Skrini kubwa ikaonyesha kile alichokuwa anaonyeshwa Bi Dorika: picha ya kamera ya joto, vyenye moto vyeupe, vya baridi vyeusi. Nukta nyingi zikitembea. Miti mitatu. Kati ya miti, vitu sita virefu vyeupe vimesimama wima.

"Hebu isogezeni," Bi Dorika alisema. Shahidi alikuwa na haki ya kuona karibu, na mashine ikamtii. "Karibu zaidi. Hapo."

"Ni maroketi, mama," Lameki alisema. "Usiogope, yako mbali sana na wewe."

"Roketi gani? Hizo ni nusu za ng'ombe."

Lameki aliinua uso kutazama skrini kubwa.

"Ng'ombe watatu, wamepasuliwa katikati, wametundikwa kwa miguu ya nyuma. Tazama juu palivyo peupe na chini palivyofifia. Paja ni nene, linachelewa kupoa. Shingo nyembamba, imeshapoa. Kuna chuma kinachopoa namna hiyo? Na vile vitatu pale chini ni vichwa, vimewekwa pamoja. Ngozi zile zimewambwa kwa vigingi. Mwanajeshi mwenye haraka zake anawamba ngozi?" Alivuta pumzi, na Eliwaza alijua kwamba sasa amenyoosha kidole kwenye kioo, kama alivyofanya kwenye mizoga. "Yule anayebeba kipande bapa kwenda kwa waliokaa duara, hicho ni kidari, kinakwenda kwa wazee. Matumbo yako kwa wanawake, kwenye sufuria ile kubwa. Hii ni harusi. Wanagawa nyama ya harusi, na aliyechinja anaijua kazi. Basi, tumeona. Lameki, turudi."

Kinyaa kilisoma tano.

Eliwaza alielewa mara moja. Kwa miaka thelathini na moja, Bi Dorika akisema hapana, ilikuwa hapana. Nyama ilitupwa. Hakuwa na sababu ya kuchafukwa na tumbo. Alikuwa amekwisha kutoa uamuzi wake.

"Kanali," Eliwaza alisema, "umemsikia. Anachosema kinaweza kupimwa. Tofauti ya joto kati ya juu na chini ni nyuzi kama tisa. Roketi haiwezi..."

"Nimemsikia. Na nimeamini." Kanali alifuta vidole kwa leso. "Kifungu cha kumi na nne, Daktari. Maneno ya shahidi hayatapokelewa. Nikiyapokea leo ya kuzuia, kesho nitaambiwa niyapokee ya kuruhusu. Si ndivyo ulivyoandika kwenye maelezo yako? Niliyasoma yote."

"Simamisha wewe, basi. Wewe ni mkuu wa kambi."

"Sina kitufe cha kusimamishia. Kilikuwepo. Mlikiondoa."

"Lameki!"

Lameki hakugeuka. Shingo yake ilikuwa imelowa. "Mimi naendesha tu, dada. Nikiachia usukani, mashine inaushika ndani ya sekunde nne, na mama yumo."

Zilibaki dakika mbili na sekunde hamsini.

"Mama," Eliwaza alisema kwenye maiki, "nisikilize. Maneno yako hayahesabiwi. Bomu litashuka juu ya watu hao."

"Litashuka vipi na mimi nimesema?"

"Litashuka, mama. Wanaangalia tumbo lako, sio mdomo wako."

Mstari wa hofu ulipanda mpaka sabini. Hasira ikaufuata. "Washenzi!" Bi Dorika alisema. "Lameki, niko na nani humu? Zima hii kitu!" Mistari miwili ilipiga juu kama ilivyotengenezwa ipige. Wa tatu ulitambaa mpaka tisa, ukasimama. Eliwaza aliutenganisha vizuri mno.

Dakika mbili na sekunde chache.

Alisimama akamgeukia Kanali, akasema kwa sauti ya kutoa taarifa, kwa sababu ndiyo sauti pekee aliyokuwa nayo: "Cheti cha shahidi huyu ni batili. Sikumpima. Namba nilizitunga. Safari nzima haina uhalali."

Kanali alimtazama kwa muda, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta unywele kwenye chakula.

"Cheti hubatilishwa kwa hati ya maandishi yenye sahihi mbili, ya daktari na ya aliyepimwa. Aliyepimwa yuko juu kilomita tisa. Keti, Daktari."

Kutoka kwenye spika, pumzi ya Bi Dorika ilibadilika.

"Eliwaza. Umesema nini?"

Eliwaza alitazama skrini. Mstari wa tatu ulisoma kumi na tisa.

"Rudia," mama yake alisema.

"Sikukupima, mama."

"Ulinifunga mkanda mkononi."

"Ulikuwa wa presha. Haukuunganishwa na kitu."

"Na picha?"

"Nilikuonyesha tu."

"Namba?"

"Nilizitunga."

"Ukagonga muhuri." Haikuwa na alama ya swali.

"Nikagonga."

Thelathini na tatu. Thelathini na nane. Arobaini na moja, na pembeni mwa skrini saa ndogo ikaanza kuhesabu sekunde. Moja. Mbili. Tatu.

"Daktari, nyamaza," Kanali alisema, na sasa alikuwa amesimama. "Unachofanya si ushahidi."

Eliwaza alijua hivyo kuliko yeye. Kila alichokiandika kwa miaka tisa kilikuwa cha kuzuia jambo hili hasa: mtu wa ardhini kuingiza mkono katika tumbo la shahidi na kulikoroga. Nne. Tano. Kisha mstari ukayumba. Mama alikuwa ameanza kulia, huzuni haikuwa kinyaa, na kipimo kilijua tofauti. Thelathini na nane. Saa ndogo ikarudi sifuri.

Dakika moja na sekunde kumi.

"Mimi ni mama yako," Bi Dorika alisema kwa sauti ndogo. "Labda kwa kuwa ni mimi. Labda uliona haya. Ni mimi tu, si ndiyo? Wengine uliwapima?"

Kulikuwa na jibu ambalo lingemfuta machozi. Eliwaza aliliona, akaliacha lipite.

"Hapana. Wapo wawili wengine. Kina bibi waliokataa kuvua. Bi Agripina, mama yake Sajini Kulwa. Na yule bibi wa Luteni Mapunda."

"Uliwaandikia namba."

"Hizi hizi. Ishirini na mbili, ishirini na saba, thelathini na moja."

"Na wakapanda."

"Wakapanda."

"Na mabomu yalishuka?"

Ndani ya chumba hakuna aliyekuwa anatazama skrini kubwa. Walikuwa wanamtazama yeye. Lameki naye, kwa mara ya kwanza, alikuwa amegeuza kichwa.

"Yalishuka," Eliwaza alisema. "Yote mawili. Kinyaa chao hakikufika kumi. Sikuwahi kurudi kwenye picha zile kuangalia palikuwa na nini."

Kilichotoka kwenye spika hakikuwa neno. Mwanamke ambaye hakuwahi kutapika kazini alikuwa anatapika, kwa nguvu, kwa awamu, akitafuta pumzi katikati. Fundi mmoja alivua vipokea sauti vyake akaviweka mezani kwa ncha za vidole. Hamsini na nane. Sitini na mbili. Saa ndogo ilifika saba, nane, tisa.

"Shahidi amekataa," mashine ilisema. "Bomu limefungwa. Ndege inarudi."

Kanali alitazama yai la pili, lililokuwa limemenywa tayari, akalitupa kwenye pipa.

III

Fomu ya kukataa ilikuwa na ukurasa mmoja. Mstari wa sita uliuliza sababu ya kinyaa, na palikuwa na visanduku vitatu: lengo, mwendo wa ndege, nyingine.

"Weka alama kwenye nyingine," Kanali alisema. Alikuwa ameketi juu ya kitanda cha wagonjwa katika chumba cha Eliwaza, pale pale alipoketi mama yake jana. "Kukataa kukiwa kwa sababu nyingine, safari hairekodiwi. Saa tisa ndege ya Luteni Mapunda inaruka na shahidi wake mwingine, aliyepimwa vizuri, natumaini. Lengo bado lipo kwenye mashine na mashine inalitaka. Mimi nisingependa. Lakini wewe ni mtu wa ukweli, na ukweli ni kwamba mama yako hakuchefuliwa na harusi. Alichefuliwa na wewe."

Ilikuwa kweli, kila neno. Eliwaza alilichunguza akitafuta kosa, hakulipata.

Lameki alikuwa mlangoni. "Andika lengo, dada. Herufi tano. Bonde linafungwa mwezi mzima, watu wanamaliza harusi yao, na habari inaishia humu ndani."

"Itaishia kwa nani? Mafundi wamesikia."

"Mafundi nitaongea nao."

Alimwona mdogo wake jinsi alivyosema hivyo, wepesi ule, akajua ameuona wapi. Ulikuwa wake mwenyewe. Kalamu ilikuwa mkononi. Watu mia moja na arobaini wangepona kwa uongo mdogo, na njia ya uongo mdogo alikuwa anaijua.

Bi Dorika aliingia bila kubisha. Alikuwa bado na suruali ya urubani iliyomzidi urefu, kanga imefungwa juu yake, na mkononi alishika mfuko wa kutapikia uliofungwa vizuri kwa fundo. Aliuweka mezani, juu ya fomu.

"Wamesema huu unaletwa kwa daktari."

"Ndiyo, mama."

"Haya. Nimeuleta." Alitazama karatasi chini ya mfuko, akavaa miwani, akasoma visanduku vitatu. Hakuuliza maana yake; fomu alizisoma maisha yake yote. "Unaandika nini?"

Eliwaza alimweleza, kwa ufupi, bila kupunguza: kisanduku hiki kinafanya hivi, kile kinafanya vile.

"Umegonga mihuri mitatu ya uongo," Bi Dorika alisema. "Huu ungekuwa wa nne."

"Ungeokoa watu, mama," Lameki alisema.

"Wewe nyamaza, baba, na wewe tutaongea." Hakumtazama. "Machinjioni, ukikuta muhuri mmoja wa uongo, huhangaiki na ng'ombe mmoja. Unazuia nyama yote ya mkaguzi huyo. Yote aliyoigusa. Haiingii mjini hata mkia, mpaka ipasuliwe upya. Kwenu huku hakuna kitu kama hicho?"

Kanali alishuka kitandani.

"Kipo," Eliwaza alisema. "Kifungu cha thelathini na moja. Daktari akikiri kwa maandishi, vyeti vyake vyote vinasimama mpaka bodi ikutane."

"Vyako ni vingapi?"

"Vya kambi nzima. Ndege nane."

"Bodi lini?"

"Jumanne."

"Jumanne watakuwa wamekwisha kula," Bi Dorika alisema, "na kuosha sufuria."

"Daktari," Kanali alisema, "kifungu hicho hicho kina miaka saba ndani yake."

"Najua. Ni mimi niliyependekeza kumi, bunge likapunguza."

Aliusogeza mfuko pembeni. Ulikuwa bado wa vuguvugu. Akafungua droo, akatoa hati ambayo hakuna daktari aliyewahi kuitumia tangu sheria ipite, akaandika jina lake, kisha majina matatu ya mashahidi, na mbele ya kila moja namba zilezile. Chini kabisa palikuwa na neno matokeo na mistari miwili. Aliwasha skrini yake, akafungua picha za zile safari mbili, na kwa mara ya kwanza akazitazama kwa jicho alilofundishwa asubuhi ile: juu peupe, chini panapofifia. Ya kwanza aliitazama dakika mbili. Ya pili hakuihitaji hata moja. Aliandika kilichokuwemo. Mistari haikutosha, akageuza karatasi akaendelea nyuma. Akasaini.

Bi Dorika alisoma upande wa kwanza, akageuza, akasoma wa pili mpaka mwisho, kidole kikifuata maneno. Kisha akachukua kalamu akaweka sahihi ya pili, ile sahihi yake ndefu ya kazini yenye mkia.

Kanali aliipokea hati kwa kuwa sheria ilimtaka aipokee. Alitoka nayo, na baada ya dakika chache kelele za injini zilizokuwa zinapashwa moto uwanjani zikaanza kuzimika, moja baada ya nyingine. Eliwaza alizihesabu. Nane.

Bi Dorika alikwenda kwenye sinki la kona. Akakunja mikono ya fulana, akafungua bomba, akachukua sabuni. Alinawa mpaka viwikoni, kati ya vidole, chini ya kucha, akasuuza, akarudia, akarudia mara ya tatu, kama alivyonawa kila alipomaliza na ng'ombe wa kutupwa.

Eliwaza alikuwa amesimama nyuma yake na taulo safi. Alinyoosha mkono kumpa.

Bi Dorika aliitazama taulo. Akakung'uta mikono hewani, akajifuta kwenye kanga yake, akachukua mkoba wake kitandani.

"Lameki," alisema, "nipeleke nyumbani."